Ngama Imehamia Tezi

Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msikilizaji wa pwani ameusikia msemo huu tangu utotoni, na pengine mara ya mwisho aliusikia kwenye kikao cha ukoo, kijana aliyehamia mjini akikumbushwa kwamba nyumbani atarudi tu. Kabla haujawa fumbo, msemo huo ulikuwa maelezo ya kazi. Chombo kikipanda wimbi, maji yaliyomo ndani hukimbilia tezi, yaani nyuma. Kikiteremka, hukimbilia omo, yaani mbele. Mwisho wa mbio zote hutulia ngamani, pale chini kabisa juu ya mkuku, na hapo ndipo baharia mwenye upo huyangojea. Kazi yake ni kufua maji, na akijua kusubiri, maji humjia yenyewe.

Aliyetoa msemo huo hakuwa amefunga mashine ya kilo 100 nyuma ya mashua yake.

Mazungumzo ya leo yanahusu mambo mawili ambayo huku pwani hufanywa na mafundi wawili tofauti: kufunga mashine kwenye boti ndogo iliyozeeka, na kuyatoa maji yanayoingia ndani yake. Fundi mashine huja na spana zake, akafunga, akawasha, akasikiliza mlio, akaenda zake. Fundi wa mbao au wa faiba huitwa siku nyingine, akaziba panapovuja. Kila mmoja kazi yake nzuri, lakini boti inakaa majini kama mtu aliyechuchumaa. Swali lililo kati ya kazi hizo mbili halikuulizwa na yeyote: uzito ukishahamia nyuma, maji yatakwenda wapi?

Mashine hizi hazikuanza zikiwa nzito. Ole Evinrude, Mnorwe aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, anasimuliwa kuwa alipata wazo lake mwaka 1906, siku ya joto kali, alipopiga makasia kwenye ziwa moja la Wisconsin kumletea mchumba wake aiskrimu, ikafika imekuwa maziwa. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine ya nguvu ya farasi mmoja na nusu, yenye uzito wa kilo 28 hivi. Huo ni uzito wa mtoto wa miaka tisa. Boti ya makasia ambayo mjenzi wake hakuwahi kuota mashine iliweza kumpakia mtoto mmoja zaidi akakaa nyuma, na wala isijue tofauti. Yamaha, jina ambalo leo kwa wavuvi wengi wa pwani ni kama jina la mashine yenyewe, ilitoa mashine yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, nayo ilikuwa ndogo vilevile.

Tangu hapo uzito umepanda ngazi. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, ina karibu kilo 40. Ya 15 ya mipigo minne ina kilo 50 na kitu. Ya 40 ya mipigo miwili hupita kilo 70, na mwenzake wa mipigo minne hukaribia kilo 100. Mipigo minne ina sifa zake, na si haki kuilaumu: inakula mafuta kidogo, haijazi moshi ufukweni, na mlio wake hauwazuii watu kuzungumza. Ila mwenye boti ya mwaka 1985 anapoiondoa mashine yake ya zamani na kupachika mpya ya namba ileile, hujiambia hajabadilisha kitu, kwani 40 ni 40. Boti haisomi namba ya kwenye kofia ya mashine. Yenyewe inapima kilo.

Ziwa Victoria limeuweka ushahidi wa mambo haya kwenye hesabu zake. Vyombo vya wavuvi vinapohesabiwa kule, mitumbwi ya Sesse, iliyochukua jina lake kwenye visiwa vya Uganda, hutengwa makundi mawili: iliyochongoka ncha zote mbili, na ile iliyokatwa bapa upande mmoja. Iliyochongoka pande zote ni mtumbwi wa kasia na tanga. Bapa ni mahali pa kupachika mashine. Wajenzi wa ziwani hawakuona sababu ya kung'ang'ania umbo la babu zao huku mashine ikining'inia kwenye ncha. Walielewa kwamba nyuma iliyochongoka haina tumbo la kuubeba uzito, maana maji hayana pa kuinulia. Nyuma iliyo pana huelea vizuri zaidi.

Huku baharini, mashua na jahazi vilikuwa na nyuma bapa tangu zamani, kana kwamba viliisubiri mashine. Lakini katikati ya ubao huo wa nyuma pana fashini, ile nguzo ya nyuma ya chombo, na kwenye fashini pana usukani, na nahodha wa tanga hawezi kuung'oa usukani wake kumpisha mgeni. Kwa hiyo mashine hubanwa kando, upande mmoja wa usukani. Ukitazama mashua za namna hiyo huko Lamu au Unguja, zikiwa zimetulia kwenye maji bila watu, nyingi utaziona zimeinamisha bega moja, kama mwanamke aliyebeba ndoo mkono mmoja. Maji ya ndani nayo hayakai tena kwenye mstari wa mkuku. Yanajikusanya kwenye kona ya nyuma, upande wa mashine, nyuma ya taruma la mwisho, ule ubavu wa ndani wa chombo, mahali ambapo hakuna tundu wala hapaingii upo.

Tuichukulie boti moja ya mfano, ya futi 17, ya mbao au ya faiba, vyovyote vile. Upana wake wa ndani kule nyuma ni mita moja na robo hivi. Imepakiwa mashine, dumu la petroli la lita 25, betri na nahodha mwenyewe, na vyote hivyo, kama ilivyo desturi, viko ndani ya mita moja na nusu ya mwisho. Nyuma imelala. Sasa maji yakaingia kidogo kidogo, ya wimbi na ya mvua, yakajaa ile mita ya mwisho kwa kina cha sentimita nane, yaani yanafika kwenye fundo la mguu. Ukipiga hesabu utapata karibu lita 100. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima, lita moja ina zaidi kidogo ya kilo moja. Kwa hiyo nahodha huyo amepakia mashine ya pili, isiyo na bolti.

Kutofungwa huko ndiko kubaya. Mashine iliyofungwa inakaa pale ilipowekwa. Maji yanahama. Boti ikiinama kushoto, kilo 100 zote hukimbilia kushoto na kuongeza kuinama. Omo ikiinuka kwa wimbi, zote hurudi nyuma kwa pamoja na kuukandamiza ubao wa tezi wakati uleule ambao wimbi linalofuata linaukaribia kutoka nje. Boti nyingi ndogo zinazozama zikiwa na mashine hujaa kwa nyuma, na mara nyingi hakuna ubao uliovunjika.

Turudi kwenye kufunga. Watengenezaji wa mashine hizi wamekubaliana juu ya vipimo vya mguu: mguu mfupi ni wa ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, yaani sentimita 38 hivi, na mguu mrefu ni wa inchi 20, karibu sentimita 51. Kimo hupimwa kuanzia mahali mashine inapokaa mpaka chini kabisa ya boti. Juu ya rafadha, ambayo wengi huiita propela, kuna bamba lililolala kama bawa. Kanuni ya kuanzia ni kwamba bamba hilo lilingane na sehemu ya chini ya boti au lizame sentimita moja au mbili tu chini yake.

Mashine ikikaa juu mno, rafadha humeza hewa: mlio unapanda ghafla, boti haisogei, na wakati mwingine hata tundu la kuvutia maji ya kupoza linabaki hewani, mashine ikaanza kuungua ndani huku nahodha akidhani ni rafadha tu iliyolegea. Ndiyo maana kijimkondo cha maji kinachoruka nyuma ya mashine, ambacho wengine hukiita mkojo, kinafaa kutazamwa mara kwa mara kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Mashine ikikaa chini mno, mguu hulima bahari. Maji hupanda nao, yakavurumisha povu juu ya ubao na kuingia ndani. Nahodha anayefua maji kila baada ya dakika kumi bila kuona mahali yanapovuja, huenda yanaingia kwa njia hiyo.

Mashua ya mbao ina tatizo lake hapa. Mkuku wake ni mzito na mrefu, na maji yanayotoka nyuma ya mkuku ni maji yaliyokwisha kuvurugwa. Rafadha ikifichwa nyuma yake hupiga maji yenye mapovu na kukosa mshiko. Ndiyo sababu nyingine ya kuipeleka mashine kando, na ndiyo sababu mafundi huishusha kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Kitabu kiliandikwa kwa boti zenye matumbo laini. Fundi anayeshusha mashine kwenye mashua hakosei, mradi ajue kwamba kila sentimita anayoishusha huikata kwenye ubao unaoyazuia mawimbi kuingia.

Na huo ubao! Ukitaka kujua boti ya zamani imepita mikononi mwa watu wangapi, tazama ukingo wa juu wa ubao wake wa nyuma. Mmoja alikuwa na mashine ya mguu mfupi, akaumega kwa msumeno ili ishuke. Mwingine akaja na mguu mrefu, akapigilia kipande cha mbao juu ya pengo. Wa tatu akatoboa matundu mapya sentimita tatu kando ya yale ya zamani, na ya zamani akayaziba kwa lami, au kwa mfuko wa plastiki uliochomwa moto. Pengo lililomegwa likabaki pale, ndilo mlango wa chini kuliko yote katika boti nzima, na liko upande ambao uzito umelalia.

Hapo ndipo linaingia wimbi la boti yenyewe. Boti ikienda kasi huvuta nyuma yake kilima cha maji. Nahodha akiachia gesi ghafla, labda ameona wavu au mtu anaogelea, boti husimama lakini kilima kinaendelea na safari. Kinaifikia tezi, kinapanda, na kama pana pengo, kinaingia kwa ndoo nyingi kwa pamoja. Kwenye boti nzuri za faiba wajenzi waliliona hilo, wakaweka kisima kidogo mbele ya mashine, kama beseni, chenye matundu mawili ya kuyarudisha maji nje. Wimbi linaingia kwenye beseni, linatoka, abiria hata viatu havilowi. Boti za zamani nyingi hazina beseni hilo, au lilikuwepo likakatwa ili ipatikane nafasi ya ndoo za samaki.

Ubao wenyewe huoza kwa namna ya siri. Kwenye boti ya faiba, kile kinachoonekana kama ukuta mmoja mnene kwa kawaida ni mkate wenye nyama katikati: nje faiba, ndani faiba, na katikati plaiwudi. Plaiwudi ikiwa kavu ina nguvu ya kutosha. Kila tundu la bolti ambalo halikuzibwa ni mrija wa kuinywesha maji. Maji hayo hayana pa kutokea. Yanasambaa kati ya tabaka, mbao inageuka kahawia, kisha nyeusi, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Mazungumzo ya hapo ufukweni yanajulikana. Mwenye boti anakuja, anasema, fundi, mashine inatikisika, nikazie bolti. Fundi anakaza. Baada ya wiki mbili: fundi, imelegea tena. Anakaza tena, na safari hii washa ya bolti inaacha alama ya duara kwenye faiba. Mara ya tatu, akiwa ni fundi wa siku nyingi, anaiweka spana chini. "Mwanangu, hii si bolti. Bolti nzima. Inazama kwenye uji."

Namna ya kulijua hilo mapema haihitaji chombo cha gharama. Gonga ubao kwa mpini wa nyundo kuanzia kona moja hadi nyingine. Mbao nzima hujibu kwa sauti kali, iliyooza hujibu kama mtu aliyeziba mdomo kwa mto. Kisha inamisha mashine iinuke, ishike kwa chini, uivute na kuisukuma polepole huku mwenzako akiweka kiganja kwenye ubao kwa ndani. Ubao ukipumua, umekwisha. Mwenye shaka bado atoboe tundu jembamba kwa ndani, chini, karibu na tundu la kutolea maji, kwani huko ndiko uozo huanzia mara nyingi, na atazame unga unaotoka. Unga mweupe mkavu ni habari njema. Unga mweusi unaoshikamana kama tope la kahawa ni wa kumfanya mtu akae chini kwanza.

Tiba yake ni kazi ya wiki. Ngozi ya ndani hukatwa, mbao iliyooza ikachotwa, mara nyingine kwa kijiko, pakaachwa pakauke kwa siku kadhaa za jua, kisha vikaingizwa vipande vipya vya plaiwudi ya baharini vilivyogandishwa kwa epoksi na kufunikwa tena kwa faiba. Jambo moja linalorukwa kwa haraka ni matundu. Fundi makini hutoboa tundu kubwa kuliko bolti, akalijaza epoksi, akaiacha igande, halafu akatoboa la saizi ya bolti katikati ya epoksi hiyo. Hata maji yakipenya kando ya bolti, hayaigusi mbao. Gharama yake ni siku moja zaidi, na wenye boti wengi husema samaki hawangoji. Kuna na wale wanaotegemea vibano vya mashine peke yake, bila bolti. Kwa mashine ndogo ya kupachika na kutoa, sawa. Hata hivyo vibano hulegea kwa mtikisiko, na mnyororo mfupi uliofungwa kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ya boti umeziokoa mashine nyingi zisilale chini ya bahari.

Mashua ya mbao haina nyama ya katikati ya kuoza, lakini ina kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta na kupigiliwa kwa patasi kati ya mbao ilikusudiwa kustahimili kusukumwa na upepo, ambao haukitetemeshi chombo. Mashine husukuma mahali pamoja na kutetemeka maelfu ya mara kwa dakika. Pamba ya nyuma ndiyo hutangulia kulegea. Mwenye mashua akiona inavuja tezi kila mwaka na kwingine hakuvuji, asimlaumu fundi kalafati.

Sasa tuje kwenye neno ambalo vijana wa mashine wanaanza kulisahau: nguruzi. Ni kile kizibo cha tundu la chini la chombo, tundu la kuimwaga ngama. Pwani hii imejaliwa pampu isiyotumia mafuta wala betri, nayo ni bahari yenyewe. Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Chombo kilichoachwa na maji juu ya mchanga hulala hapo saa kadhaa, nguruzi ikachomolewa, na kila kilichomo, maji ya mvua, damu ya samaki, magamba, kikatoka chenyewe. Ni mfumo mzuri ajabu, wenye masharti mawili. La kwanza, tundu liwe mahali maji yanapokusanyika. Mjenzi wa zamani aliliweka alipojua ngama ipo. Mashine ikaja, ngama ikahama, tundu likabaki palepale. Ufukweni mteremko wa mchanga unaweza kusaidia, lakini kona ya nyuma upande wa mashine hubaki na ndoo mbili ambazo hazitoki kamwe, na ndoo hizo ndizo zinazoozesha.

La pili ni vitundu vya chini ya mataruma. Kila taruma ni ukuta unaoyakata maji, kwa hiyo wajenzi huacha upenyo mdogo karibu na mkuku ili maji yapite chumba hadi chumba. Magamba, mchanga na nyuzi za nyavu huuziba. Mabaharia wa nchi nyingine walikuwa wakipitisha kamba au mnyororo mwembamba kwenye vitundu vyote, wakauacha humo, na kila wakitaka kuzibua wanauvuta mbele na nyuma. Haigharimu kitu. Kamba ya nailoni ya mita sita inatosha kwa boti yetu ya mfano.

Boti za faiba zenye sakafu iliyofungwa huwa na ahadi nyingine: kwamba zinajifua zenyewe. Sakafu iko juu kidogo ya maji ya nje, na nyuma kuna matundu, basi maji yakiingia yanatoka. Ahadi hiyo iliandikwa kwa uzito wa mashine ya enzi zile. Ongeza kilo 30 pale mwisho kabisa, na boti ya futi 17 huweza kuzama nyuma kwa sentimita mbili au tatu. Ongeza dumu la pili la petroli na mtu wa pili aliyekaa kwenye ubao wa nyuma, na tundu lililokuwa juu ya maji sasa liko chini yake. Tundu halijui limewekwa kwa kazi gani. Lililokuwa la kutoa linaingiza, taratibu, usiku, boti ikiwa imetia nanga na hakuna mtu. Asubuhi mwenye boti hukuta mashine imezama hadi kofia, akaanza kuuliza nani ana chuki naye.

Kulipima hilo ni kazi ya nusu saa. Ipakie boti kama inavyopakiwa siku ya kazi, watu wakae wanapokaa, kisha mtu aingie majini na penseli ya nta na kuchora mstari pale maji yalipofika. Matundu yote yaliyo chini ya mstari huo yanahitaji vali ya mpira inayofungika maji yakirudi, au yazibwe kabisa. Huo mstari una thamani kuliko maelezo ya muuza mashine.

Wapo manahodha wanaotumia ujanja wa kasi: boti ikishanyanyuka na kuteleza juu ya maji, wanachomoa kizibo cha nyuma, na mkondo unaopita chini unayavuta maji ya ndani yatoke. Ujanja huu ni wa kweli na unafanya kazi. Unafanya kazi mpaka mashine izimike. Hapo boti inakaa chini na tundu liko wazi, na kizibo kimo mahali fulani chini ya nyavu.

Povu gumu la kuifanya boti ielee nalo lina hadithi yake. Mwaka 1958 Mmarekani Richard Fisher alianza kuuza boti ya futi 13 iliyojazwa povu kati ya ngozi mbili, Boston Whaler. Mwaka 1961 jarida la Life likachapisha picha zake amekaa ndani ya boti hiyo, kavaa suti, inakatwa kwa msumeno katikati. Haikuzama. Wazo hilo lilienea duniani, na boti nyingi za zamani za faiba zimefichiwa povu chini ya sakafu. Likiwa kavu, povu ni mwokozi. Lakini mirija ya kutolea maji hupita ndani yake, mara nyingi mirija myembamba ya shaba, na baada ya miaka 20 au 30 ya chumvi mrija huliwa ukatoboka. Kila maji yanapopita kwenda nje, kiasi huingia kwenye povu. Mwenye boti anaona imekuwa nzito, haikimbii kama zamani, ananunua mashine kubwa zaidi. Mashine kubwa inaishusha nyuma, maji yanasimama kwenye mrija saa zote, povu linakunywa zaidi. Mrija mpya ni bei ya chakula cha mchana.

Anayetaka kuanza mahali basi aanze na vitu vinavyohamishika. Dumu la lita 25 likijaa lina kilo 18 na zaidi, na mpira wa petroli ulioongezwa urefu unaliruhusu kukaa katikati ya boti. Betri inaweza kwenda omo kwa waya mnene. Nanga na kamba yake, ambavyo wengi hutupa nyuma kwa mazoea, vina mahali pake mbele. Hayo matatu peke yake yanaweza kuirudisha tezi juu bila kugusa bolti moja. Kisha lizibwe lile pengo la ubao, hata kama itabidi kununua mashine ya mguu mrefu mara ijayo. Kisha litobolewe tundu jipya pale maji yanapokaa kweli, na la zamani lizibwe kwa heshima. Upo ubaki, hata ule wa kidumu kilichokatwa kwa kisu, umefungwa kamba ili usielee ukaenda. Pampu ya umeme ina betri, na betri hupenda kufa siku ya mvua.

Mwenye boti ya faiba ufukweni ana desturi moja ya kuigwa pia. Maji ya bahari yakishakupwa, anachomoa nguruzi na kuiacha boti ijimwage. Hasahau kuirudisha, kwa sababu haiweki mfukoni wala chini ya kiti. Anaifunga kwenye mpini wa kamba ya kuwashia mashine. Jioni maji yanaanza kurudi, yanalamba mchanga chini ya mkuku, na kijana aliyetumwa kuiondoa boti anaruka ndani, anaushika mpini ili avute, na kitu cha kwanza anachokutana nacho kiganjani ni kizibo.